Kurasa Zilizochapwa Mwisho

Sindano ilipita kwenye tundu la tatu. Mama Jalada akauvuta uzi kwa hasira hadi ukakatika.

"Ona sasa!" alifoka. "Hata uzi umechoka nawe."

Binti yake alisimama mlangoni mwa karakana, begi begani. Kwa miaka mitatu walikuwa wakifanya kazi pamoja humu, wakishona vitabu vilivyochanika na kuvivika majalada mapya. Leo kazi ilikuwa Biblia kubwa ya kanisa. Walikuwa wameifumua, na mafungu ya kurasa zake yalijaa meza nzima.

Ugomvi ulianza Jumapili, kwenye darasa la kusoma Biblia. Mzee wa kanisa alisema kwamba Injili zote ziliandikwa na watu walioyaona mambo yale kwa macho yao. Binti akanyoosha mkono. "Tunajuaje?" akauliza. "Nimesoma kwamba wataalamu wengi hawakubali, na kwamba barua za Paulo zilitangulia Injili." Watu wote waligeuka kumtazama mama yake. Mama Jalada alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Asubuhi hii mama alitoa neno lake la mwisho. Binti aombe radhi mbele ya darasa, la sivyo ahamie kwa shangazi yake.

"Naenda, mama," binti alisema. "Siwezi kuomba radhi kwa kuuliza."

"Nenda! Kamwambie na shangazi yako kwamba hakuna Mungu."

"Sikusema hivyo! Nilisema barua za Paulo ziliandikwa kabla ya Injili."

Mama alipiga meza kwa kiganja. "Nani anayeshona kitabu hiki, mimi au wewe? Mathayo yuko mbele, Paulo yuko nyuma. Wa nyuma atamtanguliaje wa mbele? Au siku hizi unatembea kinyumenyume?"

"Hodi humu!"

Alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa. Alikuja kuchukua kamusi zake mbili.

"Nimewasikia tangu kona ile," alisema. "Dada, unamfukuza mtoto kwa sababu ya mpangilio wa kurasa?"

"Usinichokoze, dada. Leo siko vizuri."

"Nijibu kama fundi tu. Kitabu kipya kikitengenezwa, ukurasa wa yaliyomo huchapwa lini?"

"Mwisho. Sharti kurasa zote zipate namba kwanza. Nani asiyejua?"

"Na wewe unaushona wapi?"

Mama Jalada aliitazama Biblia iliyofumuliwa mezani. "Mwanzo," alisema huku akiuma meno.

Mkutubi alivuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa. "Basi sikiliza. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba Yesu alisulubiwa karibu mwaka wa thelathini. Paulo alianza kuandika barua zake miaka ishirini hivi baadaye. Injili ya Marko ilifuata, karibu mwaka wa sabini. Zile nyingine zikaja baada yake. Na ndani ya habari zenyewe, waandishi hawakujitaja. Wengi wanadhani majina yaliwekwa juu baadaye."

"Na miaka yote hiyo ya katikati?"

"Watu walisimuliana. Hapo ndipo penye ubishi. Wenye mashaka wanasema habari ikipita midomo mingi huongezeka. Wengine wanasema labda wanafunzi, katika majonzi yao, walipata maono ya mwalimu wao, na imani ikakua kutoka hapo. Waumini wanajibu kwamba mashahidi walikuwa bado hai, wangeusahihisha uongo. Mimi nasali, dada. Na bado nauliza."

"Hayo ni ya vitabu vya maktaba yako."

"Siyo, mama," binti alisema. Aliweka begi chini, akachukua fungu moja la kurasa mezani. Lilikuwa na mwisho wa Injili ya Marko. "Soma hapa chini. Haya maandishi madogo."

Mama Jalada alivaa miwani. Alisoma polepole, neno kwa neno. Baadhi ya nakala za kale kabisa hazina mistari hii ya mwisho. Humo habari inaishia pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini, wakiogopa, bila kumwambia mtu.

Alirudia kusoma. Kisha hasira ikampanda upya.

"Miaka kumi na minane! Nimeshona Biblia ngapi kwa mikono hii? Maneno haya yako hapa, na mimi nayapitisha tu kwenye sindano! Na mzee wa darasa ana Biblia kama hii. Mbona hajatusomea?"

"Labda anaogopa tutapoteza imani," binti alisema.

"Kwani mimi yai, nitapasuka?"

Mkutubi alicheka. Binti naye akacheka.

"Usinikenulie meno, wewe! Bado nimekasirika. Ungeniambia nyumbani kwanza."

"Lini, mama? Nikifungua mdomo tu, unanifokea."

Mama Jalada alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake kwa muda mrefu.

"Hilo ni kweli," alisema. "Huombi radhi kwa mtu. Jumapili nitauliza mimi mwenyewe, na huyo mzee atanijibu. Rudisha begi ndani."

"Kanisani si wanaitaka Biblia yao kesho?" mkutubi aliuliza.

"Watangoja. Sishoni tena nisichokisoma."

Binti alipekua mafungu yaliyokuwa mwisho wa meza, akatoa jembamba. "Hii ni barua ya Paulo, ya kwanza kwa Wathesalonike. Wengi wanasema ndiyo ya kwanza kabisa aliyoandika."

"Iweke juu ya mafungu mengine yote. Macho yamechoka," mama alisema. "Tutaianza asubuhi. Na ujue, nitabisha kila mstari."