Aliyeitika Ghorofani

Wanaojisifu na joto la kwao wanyamaze kwanza. Mji wa Jahra, kule jangwani, mwezi wa Agosti, ukisahau yai juu ya boneti ya gari unalikuta limeiva, limepungukiwa na chumvi tu. Kiyoyozi kikikata roho huko, mwenye nyumba anaita fundi kama anayeita zimamoto.

Kile cha Bi Mudhi hakikukata roho kama vingine. Saa saba mchana kilikohoa. Mara mbili, taratibu, kama mwanamume anayesafisha koo kabla ya kuingia mahali penye wanawake. Kisha ubaridi ukakatika nyumba nzima.

Bi Mudhi alikuwa mjane wa miaka mitatu, peke yake katika nyumba nzima, chini na juu. Mwanawe wa pekee, Dhari, alikuwa masomoni Kanada, na simu yake ya Ijumaa ilikuwa fupi kuliko adhana. Lakini mafundi na wasoma mita hawakujua kama anaishi peke yake. Viatu vya marehemu mumewe vilikaa mlangoni, vimefutwa vumbi. Na kila alipobisha mwanamume mgeni, kabla ya kufungua, Bi Mudhi alipaza sauti kuelekea ngazini: "Baba Dhari! Kuna mtu!" Halafu alimwambia mgeni, "Anavaa, anakuja." Miaka mitatu jina lile lilipanda ngazi, na halikushuka na jibu hata siku moja.

"Ya Satiri! Ya Satiri!" sauti ikapigwa mlangoni, wanawake wajisitiri. "Fundi wa dharura, wenyewe! Fungueni kabla sijayeyuka!"

Alikuwa Shawki, Mmisri wa Mansura, tumbo mbele, ulimi mbele ya tumbo.

Bi Mudhi akavuta ushungi. "Baba Dhari! Fundi huyo!"

Akageuka kusema uongo wake wa siku zote. Kabla hajausema, juu kukasikika kikohozi.

"Naam," sauti ikaitika. "Mpandishe."

"Mungu akuweke, mzee!" Shawki akajibu, akapanda na mfuko wake akipiga kelele za kuomba njia, kwa kuwa mtambo ulikuwa juu ya paa na mlango wa paa ulipitia chumba cha marehemu.

Bi Mudhi alibaki ameshika ukuta. Angesema nini? Kwamba juu hakuna mtu? Hiyo ndiyo siri aliyoilinda miaka mitatu. Akasimama akisikiliza, na kwanza akasikia bisibisi, halafu Shawki akicheka, halafu sauti ile ya pili ikimjibu kwa upole, nzito, ya kifuani, sauti aliyoitamani kila alipokunywa kahawa peke yake, na kutoka kwenye matundu ya hewa darini ikaanza kushuka harufu, si ya udi aliokuwa akijipaka mumewe bali ya kisima cha zamani kilichofunuliwa, na pamoja na harufu ukashuka ubaridi, wakati mtambo ulikuwa bado umezimwa.

Shawki akashuka akitetemeka. Agosti hiyo!

"Hajjati, chai tafadhali. Ya moto. Yule mzee wako, lo! Kakaa kitandani gizani, kanielekeza kila nati. 'Acha mota,' ananiambia, 'tazama bomba la hewa.' Nikatazama, hiki hapa." Akatoa kilemba cheupe, kimelowa. Bi Mudhi alikifahamu. Alikuwa amekikunja mwenyewe akakifungia sandukuni. "Kanipa mkono, mkono kama chuma cha friji. Akasema: mwambie Mudhi asichoke kuniita."

"Rudia. Alisema nani?"

"Mudhi. Kwani si jina lako?"

Bi Mudhi akakaa chini. Baba Dhari hakuwahi kulitaja jina la mkewe mbele ya wanaume. Siku ya kuzaliwa Dhari, karani wa hospitali alipomuuliza jina la mgonjwa, aliigeukia foleni yote nyuma yake, akaomba kalamu, akaliandika kwenye kiganja na kumwonyesha karani peke yake. Mtu huyo leo alitaje mbele ya fundi?

"Shawki, mwanangu," akanong'ona, "mwenye nyumba hii nilimzika mwaka wa tatu huu."

"Hajjati, mimi nina presha. Utani huo usinifanyie." Akafungua kiganja. Alama tano nyeupe za barafu zilikuwa hapo, na haziyeyuki.

Shawki alikimbia mpaka getini. Hapo akakumbuka zana zake ziko juu, na hilo peke yake ndilo lililomrudisha, akiwa na Mulla Thuwaini wa msikiti wa jirani.

Mulla alisoma juu ya maji, akamwambia Shawki awashe mtambo na kuyanyunyiza pale unapovuta hewa. Na Mulla akasoma tena, na feni ikayabeba yale maji na yale maneno ikayapitisha mabombani, chumba hadi chumba, mpaka kila tundu la nyumba likawa linasoma, na nyuma ya kisomo kikasikika kitu kikikokota mwili ndani ya bati juu ya vichwa vyao, kikienda jikoni, kikirudi sebuleni, kikikosa pa kujibanza, mpaka kikatua darini, juu ya kichwa cha Bi Mudhi, na kutulia.

"Nani wewe?" Mulla akauliza.

"Niliitwa miaka mitatu," sauti ikasema kwa upole. "Nimeitika mara moja tu. Kosa langu nini?"

"Toka!"

"Aseme mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyeniita."

Mulla akamtazama Bi Mudhi. "Sema, mama yangu."

Bi Mudhi akainua macho darini. Sauti ilikuwa ni ile ile ya mumewe.

"Sema, hajjati, nakuomba!" Shawki akalia.

"Toka," Bi Mudhi akasema.

"Patakuwa kimya sana," kitu kikajibu, na mlango wa paa ukafunguka, ukajifunga.

Kabla ya kuondoka Mulla akamkanya: "Kiliingia kwa kuitwa. Jina lile usilitoe tena katika nyumba hii, hata kwa mzaha."

Bi Mudhi akaapa. Viatu akaviweka kabatini. Kiyoyozi kikafanya kazi vizuri kuliko kilivyokuwa kipya, bila kikohozi wala mlio. Ijumaa Dhari akapiga: "Mama, niko mbioni, nitakupigia baadaye." Hakupiga. Ijumaa ya pili vilevile. Bi Mudhi akawa anachemsha kahawa ya watu wawili kwa mazoea, kisha anamwaga nusu.

Siku ya ishirini na sita, saa saba mchana, hakuna aliyebisha. Bi Mudhi akatoa viatu kabatini, akavifuta vumbi, akavipanga mlangoni. Akaenda kusimama chini ya ngazi.

"Baba Dhari," akaita polepole. "Hakuna mgeni. Ni mimi tu."

Hewa ikakatika kwenye matundu yote. Harufu ya kisima ikashuka ngazi moja baada ya nyingine, haina haraka.

"Naam, Mudhi."

Akaenda jikoni kuongeza kikombe.