Taa ya Nyuma, Kulia

Rosalia alikuwa mkulima wa Kiranjeranje. Kila asubuhi alichota maji, akatwanga mihogo, akamwandaa mwanawe Skolastika, kisha akashika jembe. Jioni alisoma. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima pale misheni. Bado alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Waliomcheka aliwaambia kwamba kidole chake kina akili kuliko midomo yao.

Mume wake, Dionis, alikuwa na lori. Lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lori pekee lililokubali kwenda Likawage. Wenye malori mapya waliiogopa njia ile.

Likawage ndiko alikozaliwa Rosalia. Mwaka uliopita masika yaliifunga njia mapema. Korosho za mama yake na za majirani zilibaki kwenye magunia, zikaingia ukungu, zikamwagwa. Watu walikula mihogo mitupu mwaka mzima. Sasa magunia mengine yalikuwa yamepangwa ukutani, na mwezi wa Februari ulikuwa unakwisha. Rosalia alilala akiyawaza magunia hayo, akaamka akiyawaza.

Baada ya Krismasi lori lilitengenezwa bodi mpya. Chuma cha nyuma, kilichoshika taa mbili, kilikuwa kimeliwa na kutu. Xaveri, kaka yake Rosalia, alikuwa seremala hodari. Alikitoa chuma kile akaweka ubao mzito wa mninga, akaupiga randa mpaka ukang'aa. Kisha akazifunga taa mbili juu ya ubao ule. Dionis alijivunia kazi ya shemeji yake. Mtu akiegemea ubao ule, alimwondoa kwa heshima.

Siku ya ukaguzi, Dionis alipeleka lori Lindi. Alirudi ameinamisha kichwa, na karatasi mkononi. Alisema taa zote za lori ni mbovu na mambo yamekwisha.

Rosalia aliichukua karatasi. Kidole kilitembea polepole. "Taa ya nyuma, kulia: haiwaki," alisoma. "Lori lisibebe watu wala mzigo. Lirudishwe baada ya siku saba. Likishindwa tena, lingoje ukaguzi ujao, mwezi wa Juni."

Juni ni baada ya masika. Rosalia aliisoma mara ya pili, kisha akamwambia mumewe, "Hapa hapakuandikwa taa zote, Baba Skola. Imeandikwa taa moja."

Lakini Dionis alikuwa amekwisha kupata washauri, na washauri wa bure hawakosekani barabarani. Mmoja alimwambia abadilishe balbu. Alibadilisha, taa haikuwaka. Wa pili alimwambia balbu ile ni mbaya, aweke nyingine. Akaweka nyingine, na nyingine tena. Wa tatu alinong'ona kwamba kuna mtu mwenye husuda. Wa nne, dereva mwenzake, alimwambia kwamba fyuzi inabana umeme, kwa hiyo aivishe karatasi ya fedha ya paketi ya sigara ili umeme upite kwa nguvu.

Siku ya tatu Dionis alifanya hivyo. Tena aliuvuta waya wa taa ya kulia ili aukague, akauvuta mno, ganda likachubuka. Alipofungua swichi, taa haikuwaka. Kilichotoka ni moshi.

Rosalia aliusikia mnuko wa mpira unaoungua akiwa jikoni. Alikimbia nje. Dionis alikuwa amekwisha kufunga swichi, lakini waya ulikuwa umelainika. Tangi la petroli halikuwa mbali.

Rosalia aliogopa, kisha akakasirika, na hasira ikamsaidia kufikiri. Alimwambia mumewe kwamba kubahatisha kumetosha. Mitwero, kabla ya kufika Lindi, alikuwapo fundi Kornelio. Wakati wa vita alitengeneza magari jeshini.

"Watu watasema Dionis ameshindwa na lori lake mwenyewe," Dionis alinung'unika.

"Waseme. Kuuliza si ujinga. Mama yangu hatatafuna heshima yako mwezi wa Juni."

Dionis alikwenda kwenye lori. Aliifunga fyuzi vizuri zaidi kwa karatasi ya fedha, akaifunika, na hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi walifika Mitwero, lori likiwa tupu. Kornelio alikuwa Mmakonde mrefu, mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, fundi," Rosalia alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni."

Dionis alitaka kumwonyesha taa mara moja, lakini Kornelio hakuitazama. Aliuliza ugonjwa ulianza lini, na kabla ya kuanza lori lilifanywa nini. Dionis alijibu kwamba halikufanywa kitu.

"Lilitengenezwa bodi mpya," Rosalia alisema. "Kabla ya hapo taa iliwaka."

Dionis alimkata jicho. Kumtaja shemeji mbele ya fundi kulikuwa kama kumshtaki. Kornelio aliliona jicho lile akatabasamu. Alisema bodi ni nzuri, na aliyeitengeneza anajua mbao. Kisha akauliza kama kuna jambo jingine lililofanywa. "Mficha uchi hazai, ndugu yangu," alisema.

Dionis alitazama chini, akaeleza habari ya karatasi ya fedha. Kornelio aliitoa pale pale. Hakumcheka.

"Fyuzi ni mlinzi," alisema. "Umeme ukizidi, fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukimfunga mlinzi, kitakachoungua ni lori, labda na wewe ndani yake."

Aliufungua waya mmoja wa betri kwanza, kwa sababu hakuna anayegusa nyaya huku betri ikiwa imefungwa. Aliukata ule waya uliolainika, akauweka mwingine, akaupitisha mbali na chuma chenye ncha. Aliweka fyuzi mpya ya kipimo chake. Kisha akaifunga betri tena, akamwomba Dionis akae kwenye swichi na Rosalia asimame nyuma aseme anachokiona.

Taa za mbele ziliwaka. Ya nyuma kushoto iliwaka. Ya nyuma kulia haikuwaka.

"Vema," alisema Kornelio. "Zingezimika zote, tungeanza na betri, na fyuzi, na swichi. Imezimika moja tu. Kwa hiyo betri haina kosa. Tatizo liko karibu na taa hii."

Rosalia alifurahi, kwa sababu karatasi ilisema hivyo hivyo.

Fundi alitoa balbu ya kulia, akaitia kushoto. Iliwaka. Akatia ya kushoto upande wa kulia. Haikuwaka. Dionis alizikumbuka balbu zote alizonunua, akajikuna kichwa. Balbu ya kwanza haikuwa na kosa hata kidogo.

Kornelio alileta kitu kidogo: balbu moja yenye nyaya mbili. Aliiita taa ya kupimia. Alimpa Rosalia aishike, akamwonyesha pa kugusa. Waya mmoja Rosalia aliuweka kwenye chuma safi cha chesi, yaani ule mgongo wa lori unaobeba kila kitu. Wa pili aliugusisha pale ndani ya taa ambapo umeme huingia. Taa ya kupimia iliwaka mkononi mwake, na Rosalia alishtuka kwa furaha.

"Umeme umefika," alisema Kornelio. "Sasa uondoe ule waya ulio kwenye chesi. Uguse kwenye chuma cha taa yenyewe."

Aligusa. Taa ya kupimia ilizimika. Alirudia. Kwenye chesi, iliwaka. Kwenye chuma cha taa, ilizimika.

Rosalia aliutazama ule ubao wa mninga. "Umeme unafika," alisema polepole, "lakini hauna pa kupita kutoka hapa."

"Hapo hapo. Umeme hautoki kwenye betri ukaishia kwenye balbu. Huenda na kurudi. Huenda kwa waya, na kurudi hupita kwenye chuma cha lori mpaka kwenye betri. Njia ya kurudi mafundi huiita arthi. Zamani taa hii ilikaa juu ya chuma. Sasa imekaa juu ya mti, na mti haupitishi umeme."

"Na ya kushoto?" Dionis aliuliza. "Nayo iko juu ya ubao."

Kornelio aliingia chini ya lori akawaita. Bolti ya taa ya kushoto ilikuwa ndefu. Ilipita ubao wote ikagusa chesi. Bolti ya kulia ilikuwa fupi, ikaishia ndani ya mti. Xaveri alizifunga zote mbili kwa uaminifu. Hakuna aliyemwambia kwamba bolti ile ilikuwa njia.

Kornelio alikwangua rangi na kutu kwenye chesi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Alitoboa ubao tundu dogo, akapitisha waya kutoka chuma cha taa ya kulia mpaka pale, akakaza kwa spana, akapaka grisi ili hewa ya chumvi ya pwani isikile chuma. Dionis alifungua swichi. Taa ya kulia iliwaka, na Rosalia alihisi kifua chake kimefunguka.

Fundi alitaka kuifungia taa ya kushoto waya pia. Alisema bolti si ya kutegemewa, barabara itailegeza. Lakini Dionis aliona ubao umekwisha kutobolewa tundu moja, akahuzunika. Alisema kinachofanya kazi kisiguswe. Kornelio hakumlazimisha. Alimpa Rosalia kipande cha waya, kipande cha msasa, na ile taa ya kupimia, akamwambia atairudisha akipita. Walikaa kwa ndugu wa Dionis pale Mitwero, Jumapili wakaenda kusali, na Jumatatu mapema wakaondoka kwenda Lindi.

Magari manne yalikuwa kwenye mstari wa ukaguzi. Lori la Dionis lilikuwa la kwanza. Mkaguzi alisimama nyuma, akaagiza taa ziwashwe.

Ya kulia iliwaka. Ya kushoto haikuwaka.

Dionis alishuka akatazama. Uso wake ulibadilika. Siku sita kulia, na siku ya saba kushoto. Madereva waliokuwa wakingoja walisogea, na ushauri ukaanza kumiminika: balbu, betri, pigo moja la ngumi. Mkaguzi aliinua kalamu.

Rosalia alishuka kwenye lori. "Bwana mkaguzi, shikamoo. Tunaomba nafasi tutengeneze hapa hapa."

Mkaguzi alimtazama yeye, akautazama mstari. Alisema ana magari matatu ya kukagua. Akimaliza la tatu, ataandika.

Dionis alikuwa amekwisha kushika balbu. Rosalia alimshika mkono.

"Usibadilishe kitu bado. Tupime kwanza. Kaa kwenye swichi."

Alikaa. Rosalia aligusa waya mmoja kwenye chesi, wa pili ndani ya taa ya kushoto. Taa ya kupimia iliwaka. Umeme umefika. Akahamisha waya kutoka chesi, akagusa chuma cha taa. Giza. Hakuhitaji kupima mara ya pili, lakini alipima, kwa sababu alifundishwa hivyo. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaingia chini ya lori mbele ya watu wote. Bolti ndefu ilikuwa imelegea. Aliitikisa kwa vidole viwili.

Gari la kwanza lilikaguliwa, likaondoka.

"Ni arthi," alisema kutoka chini. "Fungua betri. Kisha unipe spana."

Dionis alifungua betri. Kisha, bila kuambiwa, alitoa keke ya kutobolea kwenye sanduku la vifaa, akautoboa ubao wa shemeji yake tundu la pili. Hakusita. Rosalia alikwangua chesi kwa msasa. Kutu ilimwingia machoni, na jasho pia. Gari la pili liliondoka. Alikaza waya kwenye chesi kwa nguvu zake zote, na Dionis akakaza kwenye taa. Alipaka grisi waliyoichota kwenye gurudumu. Gari la tatu lilikuwa likiwasha taa zake.

Dionis alifunga betri, akafungua swichi.

Zote mbili ziliwaka. Mkaguzi alikuja, akaagiza lori litikiswe. Watu wanne walilitikisa. Taa hazikupepesa. Aliinama akauona waya mpya, uliokazwa na kupakwa grisi.

"Kazi safi," alisema. "Fundi wako ni nani?"

Madereva walikuwa wakisikiliza. Wiki moja nyuma, Dionis angejitaja mwenyewe.

"Mke wangu," alisema. "Mimi nilikaa kwenye swichi."

Mkaguzi aligonga muhuri. Rosalia aliichukua karatasi na kuisoma yote kwa kidole, mpaka neno la mwisho, ndipo alipolia kidogo.

Hawakulala Lindi. Walirudisha taa ya kupimia Mitwero, wakamshukuru Kornelio, naye akawafundisha kujitengenezea ya kwao. Siku ya pili walikuwa Likawage. Kuanzia hapo, kila kabla ya safari, mmoja alikaa kwenye swichi na mwingine alizunguka lori. Bolti zilikaguliwa, fyuzi haikuguswa ovyo, na hakuna balbu iliyonunuliwa kabla ya kupimwa ile ya zamani. Xaveri naye, kila alipotengeneza bodi ya mbao, aliuliza kwanza waya wa arthi utapita wapi.

Walikwenda Likawage mara tano. Safari ya tano walipakia magunia ya mama yake Rosalia, ya mwisho kabisa, huku mawingu yakijikusanya. Usiku ule masika yalianza, na asubuhi njia ya Likawage ilikuwa imefungwa. Ndani ya nyumba za Likawage hapakuwa na gunia hata moja la korosho.