Jibu Alilopewa Ugaas

Mawe yalikuwa yamehama tena.

Jana yalizagaa ovyo kwenye sakafu ya tangi la samaki. Leo Sadiyo aliyakuta yamejipanga safu mbili, jiwe moja limefunga huku na jingine kule, urefu wake mashariki hadi magharibi. Mchanga wa katikati ulikuwa umetuna. Juu yake alielea Ugaas, akimtazama.

"Si nilikwambia?" Abshir, mumewe, hakuinua macho kwenye simu. "Samaki wa aina hii hupanga nyumba. Hubeba mawe kwa mdomo."

"Hiyo si nyumba. Hilo ni kaburi. Na urefu wake ni wa mtoto."

"Kaburi la nani, we mwanamke? Samaki ameswali lini?"

Tangi lilijaza ukuta mzima wa sebule. Abshir alilileta kutoka Nairobi pamoja na samaki tisa, binamu za sato, wakubwa na wakali, asili yao mito ya Amerika. Miezi haikupita mingi, tisa wakawa mmoja. Huyu wa rangi ya chungwa, mwenye nundu kwenye paji kama ngamia aliyenona, aliwararua wenzake mapezi, akawabandua magamba, akawabana pembeni mpaka wakafa wamesimama. Muuzaji alimwita kwa jina la shetani. Sadiyo alilikataza jina hilo, basi Abshir akamwita Ugaas, yaani sultani, akajivunia utadhani kamzaa yeye.

Na mvua ilikuwa imegoma msimu wa tatu. Abshir aliendesha lori la maji. Alipeleka maji kambi ya Hagadera na mbele yake, kwenye vijiji ambako mbuzi walikufa midomo imegusa mchanga. Kila alipotoka huko alibakiza madumu manne ya Ugaas. Jirani yao Rukiyo alikuwa akipita na ndoo tupu, akisema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Laiti ningekuwa na mapezi, nami ningeolewa nyumba ile!" Watu wakicheka. Sadiyo hakucheka. Alifunga dirisha kwa hasira.

Adhuhuri ya siku ile mtaa mzima wa Bulla Iftin ulilala kwa joto. Abshir alikuwa uani, chini ya lori. Kowsar, binti yao wa miaka minne, alisinzia mkekani. Ghafla pakanuka nywele zilizoungua, na tope la kisima kilichokufa.

Kioo kikagongwa. Ta. Ta. Ta.

Ugaas alikuwa akigonga kwa nundu yake. Kisha ikaja sauti ndogo, imejaa mapovu.

"Nimchukue?"

"Abshir!" Sadiyo alipiga ukelele. "Abshir!"

Maji yakatulia tuli. Mumewe aliingia na mikono yenye grisi, akasikiliza, akasonya. "Pampu imemeza hewa. Kwa hilo unaniamshia mtaa?"

Kesho yake, saa ileile, kioo kiligongwa, sauti ikauliza, na Sadiyo akamwita mumewe kwa ghadhabu, maana alitaka aje asikie kwa masikio yake, naye hakuja. Siku ya tatu harufu ilitangulia tangu asubuhi, ikaingia kwenye mashuka, ikaingia kwenye chai, na ilipofika adhuhuri maji ya tangi yakaanza kushuka mbele ya macho yake, shubiri nzima, bila tone kuanguka sakafuni, na ile sauti sasa ilikuwa sauti ya Kowsar mwenyewe, ingawa Kowsar alikuwa amelala mdomo umefumba, nayo ikauliza polepole, kama mgeni mwenye adabu mlangoni, "Nimchukue?" Sadiyo akalia jina la mumewe kwa nguvu zake zote.

"Ahsante," sauti ikasema.

Kowsar aliamka na kiu. Alikunywa kikombe, akanywa jagi, akalilia dumu. Midomo yake ilipasuka. Hospitalini walimtundikia maji mkononi siku mbili, wakasema hawaoni ugonjwa. Alirudi mwepesi kama kuku, ngozi ya miguu imekauka vipande vipande kama magamba.

Maalim Nuh alikuja kwa pikipiki, kijana mwenye ndevu chache na chupa ya maji ya dua. Alitazama tangi, akamtazama mtoto, akashusha sauti.

"Kilikwambia nini?"

"Kiliuliza, 'Nimchukue?'"

"Ukajibu?"

"Sikujibu, wallahi! Nilimwita mume wangu."

"Ulimwita vipi?"

"Kwa jina lake. Abshir."

"Dada yangu," Maalim alinong'ona, "kwetu sisi Wasomali hilo si jina tu. Mtu akikuomba kitu ukakubali, unamjibu vipi? Abshir. Ndiyo, furahi, utapata. Mara ngapi?"

"Siku tatu."

"Basi kimeahidiwa. Maji haya yamwagwe sasa hivi. Kikiuliza tena, kikatalie, halafu nyamaza. Kitataka badala. Usikipe!"

Abshir alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Hapamwagwi kitu hapa. Samaki huyu alimaliza wanane peke yake. Mwanamume hatupi mwanamume mwenzake kwa ndoto za wanawake."

"Mwanao anakufa!"

"Mwanangu ana joto. Mpeni maji."

"Maji yapi? Uliyompa samaki?"

Maalim alianza kusoma. Sadiyo aliingia jikoni, akatoka na mchi, akaupiga katikati ya kioo kwa hasira ya misimu mitatu.

Maji yakaruka, ya moto kama ya chai. Hayakuelekea mlangoni. Yaliuzunguka mkeka wa Kowsar, yakausogelea pande zote, na mtoto akajikunja, akikosa pumzi. Abshir alikuja mbio. Mkononi alishika beseni na dumu la mwisho, lile la Kowsar. Alimruka binti yake kama anayeruka mtaro, akapiga magoti kwenye vigae vya kioo, akamimina.

"Ugaas, Ugaas wangu. Vumilia."

Sakafuni maji yaliuliza, "Nimchukue?"

"Hapana!" Sadiyo alisema.

"Niliahidiwa. Kama si huyu, nani?"

Maalim, bila kukata kisomo, alitikisa kichwa kwa nguvu, kidole midomoni. Sadiyo aliiona midomo ya mwanawe ikigeuka rangi. Aliuona mgongo wa mtu aliyeinamia beseni. Hofu ilikwisha yote. Alisema kwa sauti ya chini, kila herufi mahali pake:

"Abshir."

Kowsar akavuta pumzi. Maji yakaanza kuuacha mkeka.

"Naam?" mumewe akaitika, bila kugeuka.