Ndege Aliyepukutisha Manyoya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dina alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, akachanganya pumba na mashudu ya alizeti kwenye ndoo ya bluu, kisha akafungua banda na kuhesabu kuku wakitoka mmojammoja. Walikuwa thelathini na wanne. Mama yake, Scholastika, hakuwa na ng'ombe wala duka. Alikuwa na kuku hao tu, na mayai yao ndiyo yaliyoleta mboga, sabuni na daftari katika nyumba yao ya Unyambwa.

Siku hizi Dina alikuwa na kazi ya nne ambayo hakuna mtu mwingine aliyeijua. Akishamaliza kulisha kuku, alizunguka nyuma ya nyumba na ndoo ileile, akaondoa ubao kwenye mlango wa banda la mbuzi lililoachwa, akaingia ndani akiwa ameinama.

Humo alikuwamo ndege. Dina alimwokota kando ya Ziwa Singida siku aliyokwenda kumtembelea shangazi yake. Mguu wa ndege huyo ulikuwa umezongwa na nyuzi za wavu hadi ukavimba. Alizikata nyuzi hizo, akamficha ndege ndani ya kikapu chini ya kitenge, akaja naye nyumbani. Hakumjua jina. Alikuwa mkubwa kuliko njiwa, mgongo una mabaka ya kahawia, mkia mweupe wenye mstari mweusi mwishoni. Alikula vichwa vya dagaa na utumbo wa samaki, na mguu ulikuwa unapona.

Manyoya ndiyo yaliyomtia Dina hofu. Tangu siku ya pili yalikuwa yakidondoka. Kwanza yalikuwa madogo ya mgongoni, kisha marefu ya mabawa. Kila asubuhi Dina aliyaokota na kuyafukia, lakini kesho yake alikuta mengine.

Mama alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mwaka uliopita kideri kilipita mtaani na kuua kuku wote wa jirani yao, Mzee Simeoni, kwa siku nne. Tangu hapo mama alisema, "Ndege wa nje haingii hapa. Awe wa sokoni, awe wa shangazi yenu, haingii." Dina aliisikia sheria hiyo vizuri. Alijiambia kwamba banda la mbuzi liko mbali na banda la kuku. Zilikuwa hatua kumi na nne. Alikuwa amezihesabu.

Ijumaa jioni alimwona kuku mmoja mkubwa, yule mwenye kishungi, akiwa na shingo tupu. Jumamosi asubuhi walikuwa saba. Sakafu ya banda ilikuwa imejaa manyoya.

Dina alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Ndoo hii imetoka kwa ndege kwenda kwa kuku, na kwa kuku kwenda kwa ndege, kila siku. Nimewaua, aliwaza.

"Dada, mbona unanuka samaki kama mchuuzi?" Mdogo wake, Marko, alikuwa amesimama nyuma yake. "Halafu angalia nimeokota nini kule nyuma. Kalamu ya Wazungu wa zamani!"

Mkononi alikuwa na unyoya mrefu wa kahawia.

"Lete hapa!" Dina alimnyang'anya, lakini alichelewa. Mama alikuwa akija na beseni la mayai. Ndani ya beseni mlikuwa na mayai mawili tu.

"Nini hicho?" Mama aliuchukua unyoya, akaugeuza. Kisha akatazama ndani ya banda. Uso wake ulibadilika. "Dina, huu si unyoya wa kuku wangu. Kuna ndege wa nje aliyeingia hapa?"

"Hapana, mama."

"Una uhakika?"

"Sijaona, mama."

Mama alimwita Mzee Simeoni. Alifika bado akitafuna mswaki wake wa mti, akaingia bandani, akatoka akitikisa kichwa.

"Mama Dina, sitakudanganya. Kwangu walikoma kutaga, nikafikiri ni jua. Siku ya nne nilikuwa nazika kuku kwa toroli. Kama ndege wa porini amepita hapa, usisubiri. Chinja leo wakiwa na uzima, angalau watoto wale nyama."

"Wote?"

"Utachagua yupi, na ugonjwa huuoni?"

Mama alimpigia simu Eliana, afisa mifugo wa kata, ambaye watu wote walimwita daktari. Simu iliita bila kupokelewa. Akapiga tena, vivyo hivyo. Mzee Simeoni alikwenda kwake na kurudi na kisu. Marko alitumwa kukamata kuku, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na utani wowote.

Dina aliambiwa achochee moto wa maji ya kunyonyolea. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akisikia mabawa yakipigapiga, kisha kimya. Wa kwanza alikuwa yule mwenye kishungi. Wa pili. Wa tatu. Kila kuku alipopiga kelele, Dina alifungua mdomo na kuufunga tena. Akisema, mama atajua kwamba amemdanganya mara mbili, na kwamba ni yeye aliyeleta ugonjwa. Asiposema, kuku watakwisha na hakuna atakayejua.

Wa tano alipolazwa kando ya wenzake, simu ya mama iliita. Mama aliiweka kwenye sauti kubwa na kuishika mbele ya mdomo wake.

"Samahani, nilikuwa kwenye pikipiki," ilisema sauti ya Eliana. "Nieleze."

Mama alieleza.

"Choo chao ni cha kijani?"

"Hapana."

"Kuna aliyepinda shingo, aliyepooza bawa, anayehema kwa shida?"

"Hapana, daktari. Manyoya tu na mayai. Lakini tumeokota unyoya wa ndege mgeni."

"Huyo mgeni ndiye ninayetaka kumjua. Kama amefika jana au juzi, siwezi kukwambia uko salama. Amefika lini?"

Mama alimtazama Mzee Simeoni. Mzee alimtazama Marko. Marko alitazama chini.

"Hatujui," mama alisema. "Mzee, endelea."

Mzee Simeoni alimwinamia kuku wa sita.

"Siku ishirini na moja!" Dina alipiga kelele. Hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Mama, ni mimi. Nilimleta mimi. Yuko kwenye banda la mbuzi."

Kisu cha mzee kilisimama hewani. Kuku wa sita alitapatapa chini ya mkono wa mzee.

"Nani huyo anasema?" Eliana aliuliza.

"Ni Dina, daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Sogea kwenye simu, Dina. Jibu ninachouliza, usiongeze, usipunguze. Ndege ameanza lini kutoa manyoya?"

"Siku ya pili."

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Uliwahi kutumia chombo kimoja kwake na kwa kuku?"

Hili ndilo alilotaka kuliruka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Ndiyo. Ndoo hiyohiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Mzee Simeoni alisonya. Mama alifumba macho. Dina alisubiri hukumu.

"Mama Dina," Eliana alisema taratibu, "wekeni kisu chini. Kideri kikiingia kwa kuku wasio na kinga, hakingoji wiki tatu. Kama ndege huyo angekuwa nacho, kwa ndoo hiyo wangekuwa wameshakufa. Msiwanyonyoe hao mliochinja, msigawe nyama, mtoto anawe mikono kwa sabuni. Nakuja."

Alifika kabla ya saa moja kupita. Alivaa glavu, akaingia kwa kuku kwanza. Alimshika mmoja mwenye shingo tupu na kumwita Dina karibu.

"Pitisha macho hapa. Unaona nini kwenye ngozi?"

"Vijiti vidogo. Kama miiba."

"Ni manyoya mapya, bado yamo ndani ya ganda. Kuku akipita mwaka hivi, huvua manyoya yaliyochakaa na kuotesha mengine. Hiyo kazi inakula chakula kingi mwilini, kwa hiyo mayai hupungua au hukoma. Wote hawa ni kuku wakubwa. Wale vijana hawajaguswa. Ugonjwa usingeuliza umri kwanza."

Kisha wakaenda kwenye banda la mbuzi. Ndege alipiga kelele kali ya kukwaruza. Eliana alimshika kwa uangalifu, akakunjua bawa la kushoto.

"Huyu ni shakwe, na bado ni kijana. Hesabu manyoya makubwa kuanzia ndani."

Dina alihesabu kwa sauti. Matatu yalikuwa mapya, ya kijivu safi. Unyoya wa nne ulikuwa mfupi, nusu yake ingali ndani ya ganda. Wa tano haukuwapo. Kuanzia wa sita yalikuwa ya zamani, yamefifia, ncha zimelika.

"Sasa la kulia."

Matatu mapya. Wa nne mfupi. Wa tano haupo. Dina aliinua uso.

"Ni sawasawa."

"Sawasawa kabisa. Anadondosha pande zote mbili kwa mpangilio, kidogokidogo, ili asishindwe kuruka. Ya kahawia ndiyo ya utoto. Akikomaa, mgongo utakuwa wa kijivu na huo mstari wa mkiani hautakuwapo. Huyu haumwi. Anakua." Eliana alimweka ndege kwenye boksi. "Nitamrudisha ziwani, mguu umepona. Ila usinielewe vibaya. Ndege wa porini anaweza kubeba ugonjwa bila kuonekana mgonjwa. Safari hii mlibahatika. Sheria ya mama yako ni sahihi."

Jumatatu, alisema, angerudi na chanjo, tone moja jichoni kwa kila kuku, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Aliwakagua pia wale watano waliochinjwa, akasema nyama yao haina tatizo mradi ipikwe siku hiyohiyo.

Pikipiki ilipoondoka, Mzee Simeoni alijikuna kichwa. "Mimi nami niliharakisha. Kwangu hakukuwa na mtu wa kuniambia chochote, ndiyo maana nikaogopa hivi."

Mama aliketi kwenye kigoda, akamwita Dina asimame mbele yake.

"Kulala na njaa hutalala, na fimbo sitashika," alisema. "Lakini nisikilize. Nilikuuliza mara mbili. Ulidhani unaficha kosa lako, na kosa ni lako kweli. Kumbe ulikuwa umeficha pia siku ishirini na moja. Mimi nilizihitaji hizo siku ili nisikosee. Bila hizo nilibaki na hofu tu, nikachinja kwa hofu. Mtu akikuuliza jambo unalolijua, mpe lote, hata lile unaloona litakumaliza. Wewe huwezi kujua lipi ndilo litakalosaidia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Maji yamechemka."

Dina alivuta beseni karibu na mafiga. Kuku waliobaki, ishirini na tisa, walikuwa wamerudi uwanjani wakichakura, wale wa shingo tupu wakiwa na vijiti vya manyoya mapya. Alimchukua yule mwenye kishungi kwanza, akamtumbukiza kwenye maji ya moto. Chini ya vidole vyake alivihisi vijiti vilevile, vidogo, vigumu, vilivyokuwa vimeanza kuota.