Nyaya Alizosema Amezisoma

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare, binti mmoja aliyejiita Injinia aliketi katika karakana ya shangazi yake, fundi wa kamera, kumsaidia kukagua nyaya za video. Alikuwa darasa la saba tu, lakini maringo yake yalikuwa ya chuo kikuu. Mdogo wake aliketi kando, akiinamia kila waya kusoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda lake.

"Wewe Kobe, tuzeekee hapa?" Injinia alimkejeli Jumamosi moja. "Tazama wenye akili!"

Akagusisha mita ya kupimia umeme kwenye ncha mbili za waya. Mita ikalia pii. "Mzima!" Akautupa kapuni, akachukua mwingine. Kusoma maandishi aliona ni kazi ya mazuzu.

Shangazi akaingia. "Mmesoma zote? Nataka zilizoandikwa omu sabini na tano tu. Za hamsini ni za redio, zinaharibu picha."

"Zote, shangazi," Injinia alijibu bila kupepesa macho. Uongo mtupu!

Jumatatu iliyofuata yalikuwa mahafali shuleni kwao. Ukumbi ulikuwa mdogo, hivyo wazazi wengi wangetazama sherehe kwenye runinga darasani. Shangazi, aliyepewa kazi ya kurusha picha, aliunganisha nyaya zile, akawasha. Mwalimu mkuu akaonekana kwenye runinga na kivuli ubavuni, kama mwenye vichwa viwili.

"Fundi gani huyu?" mwalimu mkuu alifoka. "Nakupa nusu saa. Ukishindwa, usikanyage tena hapa."

Shangazi akaanza kufungua kamera huku jasho likimtoka. Injinia, mjuzi wa kila kitu, alitamani ardhi impasukie.

"Shangazi, kamera haina kosa. Nilikudanganya. Sikusoma nyaya, nilipima kwa mita tu."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Mita inakwambia waya haujakatika, basi! Hata waya wa kuanikia nguo utalia pii. Huo ndio uinjinia wako?"

Mdogo mtu alikwishapiga magoti, akiufuata waya ukutani. "Huu hapa, shangazi. Hamsini."

Wakaubadilisha. Kivuli kikatoweka, na mwalimu mkuu akaenda zake bila hata kusema asante.

"Kutojua nitakusamehe, utafundishwa," shangazi alimwambia Injinia. "Lakini kusema umesoma kitu ambacho hukukisoma ni uongo, na nusura unikoseshe kazi. Jumamosi utasoma kila waya kwa sauti, na mdogo wako atakusimamia."