Nakala ya Picha ya Chamsia

Zoubeida alikuwa mshonaji wa nguo mjini Mutsamudu. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, katika nyumba ya mama yake, Moinafouraha. Kila asubuhi mama alimenya mashelisheli jikoni, na Zoubeida alishona. Mume wake, Inzoudine, alipakua mizigo bandarini. Alirudi adhuhuri na habari za mjini.

Mwezi ule wa Januari, mwaka 1977, watu walikuwa na habari moja tu: Majunga.

Majunga ni mji wa Madagaska. Wakomoro wengi waliishi huko kwa miaka mingi. Mwishoni mwa Desemba walishambuliwa, na wengi waliuawa. Walionusurika walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa meli na kwa ndege, mikono mitupu. Chamsia, mdogo wake Zoubeida, aliishi Majunga pamoja na mume wake, Mouzaoir. Tangu siku zile hawakuleta barua wala salamu.

"Leo umesikia nini?" Moinafouraha aliuliza kabla Inzoudine hajavua viatu.

"Wengine wamefika Moroni, mama. Wako shuleni na kwenye nyumba za watu. Majina hayajulikani yote."

"Na mwanangu?"

Inzoudine alitikisa kichwa. Moinafouraha akarudi jikoni. Siku ile chakula kiliungua.

Baada ya sala ya alasiri, mama alifungua sanduku lake la nguo. Alitoa picha. Ilipigwa miezi sita nyuma, Chamsia na mumewe walipokuja likizo. Wote walikwenda Moroni, katika kisiwa cha Ngazidja, kuwasalimu jamaa, na siku moja wakatembea ufukweni Itsandra. Mpiga picha aliwasimamisha pale, mama katikati, Zoubeida kushoto, Chamsia na Mouzaoir kulia. Nyumba ile haikuwa na picha nyingine ya Chamsia.

"Watu wa Moroni hawamjui mwanangu," mama alisema. "Wakiona sura yake, watatuambia kama yuko."

"Tutoe nakala," Zoubeida alisema. "Nakala nyingi. Kila anayesafiri abebe moja."

Aliifunga picha katika kitambaa, akaenda mbio hadi kwa Saïndou, mpiga picha wa Mutsamudu. Saïndou aliitazama vizuri. Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa na mhuri wa buluu wenye maneno ya Kifaransa.

"Dada, siwezi kuinakili hii," alisema.

"Kwa nini?"

"Picha hii ni ya Mdahoma wa Moroni. Mhuri unasema isinakiliwe bila ruhusa yake."

"Ya Mdahoma vipi? Huyu ni mimi! Huyu ni mama yangu! Na tulimlipa."

"Mlilipia karatasi hii. Karatasi ni yenu. Iwekeni nyumbani, itazameni mtakavyo. Lakini haki ya kutoa nakala ni ya aliyeipiga. Hata mimi sipendi mtu achukue picha zangu azinakili."

"Saïndou, ndugu yangu amepotea."

Saïndou aliinamisha kichwa. "Najua, dada. Mwandikie Mdahoma leo hii. Filamu anayo yeye. Nakala yake itakuwa nzuri kuliko yangu."

Lakini barua ingechukua siku ngapi kwenda, na siku ngapi kurudi? Zoubeida alimpokonya picha, akatoka bila kuaga.

Inzoudine alipopata habari alisema, "Kuna mtu karibu na bandari. Ana kamera chumbani kwake. Yeye haulizi maswali."

"Si kosa?"

"Kosa gani? Tunamtafuta ndugu yetu."

Zoubeida hakuridhika, ila alimtazama mama yake, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajala chakula cha maana. Akampa mumewe picha.

Yule mtu aliilaza picha mezani, akaipiga upya kwa kamera yake. Alitoa nakala kumi. Zilikuwa na ukungu. Katika picha halisi uso wa Chamsia ulikuwa mdogo kama ukucha, na sasa ulikuwa doa lenye macho mawili. Hawakuwa na muda wa kulalamika. Jamaa mmoja, muuza vitambaa, alikuwa anaondoka kwenda Moroni. Wakampa nakala tano.

Zikapita siku tisa. Kila mlango ulipogongwa, Zoubeida alishtuka. Alishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akafumua, akakosea tena.

Siku ya kumi muuza vitambaa alirudi. Hakutaka kukaa.

"Nilionyesha picha," alisema akitazama chini. "Mtu mmoja aliyetoka Majunga aliitazama. Akasema anamjua. Akasema… alikuwepo walipomzika."

Moinafouraha hakulia. Alikaa sakafuni taratibu, kama mtu anayeketi kupumzika, na alipojaribu kusimama miguu ilikataa. Majirani wakaanza kuingia. Mmoja alileta msahafu.

Miongoni mwao alikuwa mzee Mroudjae, karani wa mahakama kwa miaka mingi. Alitoa pole. Kisha akamwita Zoubeida pembeni.

"Mwanangu, mtu yule alionyeshwa picha gani?"

Zoubeida alimpa moja kati ya nakala zilizobaki. Mzee akavaa miwani. Akaomba na picha halisi, akaziweka pamoja juu ya cherehani.

"Kwa nakala hii, mtu akiniambia ni wewe, nitakubali. Akiniambia ni binti yangu, nitakubali pia. Huyo aliyezikwa anaweza kuwa mwanamke yeyote."

"Kwa hiyo Chamsia yuko hai?"

"Sikusema hivyo. Nasema bado hatujui. Nani alizitoa nakala hizi?"

Zoubeida alisimulia yote. Mzee aligeuza picha halisi, akasoma mhuri.

"Saïndou alikuambia kweli. Mahakamani tulifuata sheria iliyotoka kwa Wafaransa. Picha ni kazi ya mtu, kama wimbo au kitabu. Aliyeipiga ndiye mwenye hakimiliki. Maana yake, yeye ndiye anayeruhusu inakiliwe au isinakiliwe. Wewe kuwamo ndani ya picha hakukupi haki hiyo."

"Na kama hakuna mhuri?"

"Hata kama hakuna. Unauliza nani aliipiga, unamwomba. Akiwa amefariki, unawauliza warithi wake. Ruhusa ikiandikwa ni bora, ili fundi yeyote aiamini."

"Mzee, nimekwishakosea. Nikienda kwake, je, akinishtaki?"

"Hilo silijui. Haki ya kukasirika anayo. Lakini filamu iko kwake, na uso wa ndugu yako umo ndani yake. Nenda, mwambie ukweli, mpe nakala zilizobaki."

Zoubeida alipata nafasi katika meli ya mizigo. Njia nzima alishika mfuko wake kifuani. Alifikiri juu ya mama aliyelala akitazama ukuta. Alifikiri juu ya Mdahoma. Itakuwaje akisema hapana?

Studio ya Mdahoma ilikuwa katika kichochoro kimoja nyuma ya soko la Volo Volo. Ukutani nje mtu alikuwa ameandika maneno ya mapinduzi kwa rangi nyekundu.

"Karibu, mama," Mdahoma alisema. Alizungumza kwa lafudhi ya Ngazidja, na Zoubeida alilazimika kusikiliza kwa makini.

Zoubeida hakuzunguka maneno. Aliweka mezani picha halisi na nakala tano. "Hii ni kazi yako. Hizi tulizinakili bila ruhusa yako. Nakuomba radhi. Nyingine tano ziko hapa Moroni, jamaa yetu aliziacha mikononi mwa watu."

Mdahoma alizipanga nakala moja moja. Uso wake ulibadilika.

"Mwaka juzi," alisema, "mtu alinakili picha zangu za ufukweni. Akaziuza kwa wageni kama kadi. Siku moja mwanamke alikuja hapa akilia, na kaka zake nyuma yake. Sura yake ilikuwa inauzwa sokoni. Walidhani ni mimi. Karibu wanivunjie studio. Tangu siku hiyo nikatengeneza mhuri."

Zoubeida aliutazama ule mhuri wa buluu.

"Mhuri ule unalinda riziki yangu. Unawalinda na ninyi pia. Hata mimi mwenyewe siwezi kuitundika picha yenu dirishani bila idhini yenu. Sasa niambie. Kwa nini mlinakili?"

Alimwambia. Alifika kwa mtu aliyesema alikuwepo walipomzika Chamsia. Mdahoma hakungoja amalize. Alikwenda kwenye kabati, akaanza kutoa maboksi.

"Mlikuja lini?"

"Julai. Wiki ya mwisho."

Alifungua boksi la kwanza, akalifunga. La pili pia. Kila ukanda wa filamu aliuinua kwenye mwanga wa mlango. Zoubeida alihesabu pumzi zake. Je, kama imepotea? Je, kama iliingia maji?

"Itsandra," Mdahoma alisema mwishowe. "Watu wanne. Mama katikati."

Aliingia chumba cha giza. Alipotoka, alishika karatasi mbichi kwa ncha za vidole. Hapakuwa na watu wanne. Alikuwepo Chamsia peke yake, amekuzwa, uso mzima ukijaa karatasi. Hata kishimo cha shavuni kilionekana.

Zoubeida alifunika mdomo kwa shiromani yake, nguo aliyojitanda.

"Nimesafisha sita," Mdahoma alisema. "Na hii ni ruhusa." Aliandika kwenye karatasi: jina la Zoubeida, picha ipi, ilipigwa lini na wapi, na kwamba inaweza kunakiliwa kwa ajili ya kumtafuta ndugu yake, si kwa kuuzwa. Akatia sahihi na mhuri. "Ukirudi Mutsamudu, mpe Saïndou. Hatakukatalia. Na zile mbovu zikusanye, tuzichane. Zitawapoteza watu."

Siku mbili Zoubeida alizunguka Moroni. Alizikusanya nakala mbovu, na mahali pake akaacha picha mpya. Watu walitazama, wakatikisa vichwa. Siku ya tatu, katika darasa lililolaza familia nne, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliishika picha akasogea dirishani.

"Huyu tulishuka naye melini," alisema.

"Una hakika, dada? Tafadhali, tazama vizuri."

"Alinibebea mtoto wangu. Nitamsahauje? Alikuwa na homa. Watu wa Mitsamiouli walimchukua kwao."

Zoubeida alipanda gari la kwanza kwenda Mitsamiouli. Aliuliza mlango hadi mlango akiwa na picha mkononi. Mlango wa saba haukuhitaji picha. Ndani ya ua, Chamsia alikuwa amekaa juu ya mkeka, anachambua mchele. Alikuwa amekonda.

"Dada?" alisema. Ungo ukaanguka.

Walishikana muda mrefu. Kisha Zoubeida akauliza, kwa upole, "Mbona hukuleta hata neno? Mama anakufa kwa mawazo."

"Mlinipa mume mkaniambia, nenda naye, rudi naye." Chamsia alitazama mchele uliomwagika. "Mouzaoir alitoka kumfungia jirani mlango. Hakurudi. Niliona mwili wake. Nikileta salamu, mama ataniuliza, Mouzaoir yuko wapi? Sikuwa na mdomo wa kujibu."

Zoubeida aliinama, akaanza kuokota mchele pamoja naye.

Kabla ya kusafiri walipita studio. Zoubeida alitaka Mdahoma amwone Chamsia kwa macho yake, na kumkabidhi nakala mbovu tano. Mdahoma alizichana mbele yao. Kisha alimtazama Chamsia kwa wasiwasi kidogo.

"Mama, siku ile Itsandra nilipiga picha mbili. Ya pili hamkuiagiza, nami sikuisafisha. Ni ya mumeo peke yake. Alikuwa anacheka. Ukiitaka nitaisafisha. Usipoitaka, itabaki ndani ya boksi, na hakuna atakayeiona."

Chamsia alikuwa ametoka Majunga na nguo aliyovaa tu. Alikaa kwenye benchi.

"Isafishe," alisema.

Walirudi Mutsamudu. Moinafouraha alisimama kwa miguu yake mlangoni, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, na hakuuliza swali lolote siku ile.

Habari ilienea mtaani. Wanawake wengine waliokuwa wakitafuta ndugu walianza kuja kwa Zoubeida na picha zao. Alisimamisha cherehani. Aliigeuza kila picha na kuuliza swali lile lile: "Nani aliipiga?" Mzee Mroudjae aliandika barua za kuomba ruhusa. Inzoudine alizipeleka melini, naye hakumtaja tena yule mtu wa bandarini. Ruhusa ziliporudi, Saïndou alitoa nakala safi. Baadhi ya watu walipatikana. Wengine hawakupatikana, lakini hakuna nyumba iliyoletewa tena habari ya kifo kwa sababu ya picha yenye ukungu.

Wiki ya pili Chamsia aliomba apelekwe Domoni, kwa mama yake Mouzaoir. Alikuwa ameikwepa safari hiyo siku zote. Bibi yule alimpokea barazani, akamtazama, na kabla hajauliza, Chamsia alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na picha mbili zinazofanana za Mouzaoir akicheka, zote zimesafishwa na Mdahoma mwenyewe.

"Hii ni yako, mama," Chamsia alisema. "Nilimwomba aliyeipiga, akakubali."

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama sana. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha Chamsia nafasi akae karibu naye.