Niliyapoza Maneno ya Daktari

Nina miaka hamsini na nane, naishi Morogoro, nina wajukuu wawili, na bado siwezi kukaa kitini dakika kumi mfululizo. Mke wangu huniuliza kama nimekanyaga siafu. Sijawahi kumwambia chanzo chake. Nawaambia ninyi kwanza, wasomaji wenzangu, huenda nikapata ujasiri wa kumwambia na yeye.

Ujanani serikali ilinipeleka kusomea ufundi wa ndege Riga, kule Latvia, enzi hizo ikiwa chini ya Warusi. Darasani tulifundishwa kwa Kirusi. Lakini mpishi wa bweni letu, bibi mmoja mkali, alikataa kunipa supu mpaka niiombe kwa Kilatvia. Njaa ni mwalimu! Nilirudi nyumbani na cheti ambacho hakikunipa kazi, na lugha ambayo sikuwa na wa kuzungumza naye.

Katikati ya miaka ya elfu mbili, kila mwenye nauli alipokuwa anakimbilia Guangzhou, na mimi nikakimbilia. Mtaji uliisha mapema, nikaokota Kichina cha sokoni, nikawa mkalimani. Asubuhi kwenye maduka ya jengo la Tianxiu, mchana Xintang kwenye viwanda vya jinzi, jioni Xiaobei kwa mawakala wa mizigo... simu mbili mkononi, viatu vimelika upande. Sikuwa na siku ya kutulia, na wala sikuitaka.

Kazi ile ina tabia yake. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, akisema, "Kitambaa kingefika Jumatatu, tungeweza kumaliza Ijumaa," wewe unamwambia mteja, "Ijumaa watamaliza." Akisema meiyou, hakuna, unasema, "Wanaangalia." Hiyo tuliiita kupoza maneno, kama mama anavyompozea mtoto uji. Mteja akiogopa anaondoka. Jinzi zikichelewa, la kusema halikosekani.

Kwa haya ninayokuja kuyasimulia, msije mkaniambia kwamba lugha ndiyo iliyonishinda. Waingereza wana vijineno vyao vya huenda, ingekuwa, inafaa, lazima, na Kilatvia nacho kina vyake, kila kimoja na mwenzake. Vyote nilivijua.

Ndipo akaja Mama Ilze. Si jina lake halisi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye kaduka ka nguo huko Riga. Kiingereza hakukijua, Kirusi alikijua akakikataa kwa sababu za kwao. Aliyemleta kwangu ni Papa Kalala, wakala wa mizigo kutoka Lubumbashi. Nilipomsalimia kwa Kilatvia alinishika mashavu yote mawili, akalia.

Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwao wageni wa harusi hupewa glavu za sufu zilizofumwa kwa mkono, na mama alikuwa na pea kadhaa za kumalizia. Basi katika joto lile, ndani ya teksi, kiwandani, jasho likimtiririka, Mama Ilze anafuma glavu za baridi! Mafundi wa Xintang walimcheka, na yeye akacheka nao.

Jumatano tukiwa kiwandani alikaa chini ghafla. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na una moto. Nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, Kiingereza chake cha polepole, kila neno analichagua. Alisema damu imeganda mguuni. Lazima alazwe. Akipanda ndege sasa, lile bonge linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, na anaweza kufa. Akitibiwa wiki mbili au tatu, huenda akapona kabisa.

Mama Ilze alinikazia macho. "Amesema nini? Nitafika harusini?"

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilimwonea, ndiyo... lakini hilo lilikuja la pili. La kwanza nililoliona ni kiti pembeni ya kitanda chake. Mji mzima ule, mwenye Kilatvia ni mimi. Akilazwa, mimi ndiye ulimi wake wiki tatu, nimekaa, simu zangu zinaita. Miguu yangu ilikataa kabla ya moyo.

Nikamwambia, "Anasema ingekuwa vizuri upumzike. Lakini unaweza kusafiri. Ndani ya ndege usikae sana, tembeatembea."

Nikamgeukia daktari, nikasema mama amekataa kulazwa. Akaleta fomu ya kukataa. Nikamwonyesha Mama Ilze pa kusaini, nikamwambia ni fomu ya kuruhusiwa. Daktari akanitazama, akauliza, "Ameelewa?"

Nikasema ameelewa.

Jioni Papa Kalala alinikuta Xiaobei, nimeagiza chakula sili. Akauliza, "Grand frère, kaka yangu, docteur alisema nini?"

Nikamjibu nimeshamwambia mama inavyotosha.

"Inatosha kwa nani?" akasema. "Miye najua kazi yetu. Hapa tunapikaka maneno mbele ya kuyagawa. Lakini ile ya docteur, hapana kupika."

Hoteli ya Mama Ilze ilikuwa mwendo wa dakika mbili. Nilifika mlangoni pake mara mbili, mara mbili nikarudi. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nimedanganya? Ijumaa nikamsindikiza uwanja wa ndege. Alinipungia glavu aliyokuwa bado anaifuma.

Jumatatu binti yake akanipigia. Mama alianguka uwanjani Riga, kabla hajachukua begi lake, akafa palepale. Binti alikuwa ng'ambo ya kioo na maua mkononi, anamwona. Akaniuliza daktari alisema nini hasa.

Nikapoza tena! Nikamwambia daktari alisema angeweza kusafiri. Akanishukuru kwa kumtunza mama yake.

Miezi miwili baadaye kikaja kifurushi ofisini kwa Papa Kalala. Glavu nyekundu zenye nakshi nyeupe, na karatasi ya binti yake: kwenye simu ya mwisho, kabla ya kupanda ndege, Mama alisema pea hii ni yako.

Sikukaa tena Guangzhou. Nikajaribu Dar, nikajaribu Mwanza, nikajaribu kilimo. Popote nikikaa nakiona kile kiti ambacho sikutaka kukikalia. Miaka mitatu ikapita hivyo, ndipo nikamwandikia binti yake. Nilimwekea maneno ya daktari kama yalivyotoka, na fomu, na "ameelewa" yangu. Nilijiandaa kwa matusi.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Mama alikuwa mbishi. Labda angejua na bado angepanda ndege. Lakini mimi ningeahirisha harusi. Ningekuja huko. Hukutupa nafasi hata ya kuchagua." Hakuandika tena.

Glavu ziko kabatini. Mke wangu anadhani ni za enzi za masomo.

Wenzangu, wapo wengi miongoni mwenu wanaosimama katikati ya watu wawili. Unampeleka mzazi hospitali, unamsomea jirani barua, unapeleka ujumbe kwa shemeji. Nawasihi, ukipewa neno la mtu mwingine lifikishe na moto wake. Anayelipokea atalipuliza mwenyewe.